Mizani, kikombe au ngumi: kipi kikufae jikoni ukitaka kuhesabu kalori

Baba alipoanza kliniki ya kisukari alirudi nyumbani Tabata na maelezo mafupi: ugali usizidi ngumi moja, mboga za majani ziwe nyingi, sukari kwenye chai ipungue. Jioni hiyo mama akamtengea ngumi. Baba akaitazama sahani, akainua mkono wake, mkono wa mtu aliyesukuma randa miaka 30, akauliza, "Ngumi ya nani hii, mama watoto? Yangu au ya mjukuu?"

Tulicheka, lakini swali lilinikaa kichwani. Nilipopata mizani nikapima. Bonge la ugali linalolingana na ngumi ya baba lilikuwa gramu 390, la ngumi ya mama gramu 240. Sufuria moja, maelezo yaleyale, na kati yao kuna gramu 150, yaani karibu kalori 190. (Kalori ninazozitaja humu ni hizi za kwenye pakiti, ambazo wataalamu huziita kilokalori.)

Tangu hapo nimetumia mizani ya kidijitali, mizani ya springi, vikombe na vijiko, mkono, na simu. Mara mbili nimewahi kuacha kupima, na mara zote mbili nilichoka kwa sababu nilikuwa napima vitu visivyohitaji kupimwa.

Wapi kosa linauma

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Maji hayana kitu. Ukizishika hizo, unajua pa kukaza na pa kulegeza.

Mchicha mbichi gramu 100 una kalori kama 23. Hata ukikosea gramu 100 nzima, hujafikia vijiko viwili vya chai vya sukari. Karanga gramu 100 zina zaidi ya 560. Mafuta ya kupikia, karibu 900. Mtu anayepima matembele kwa mizani halafu akamimina mafuta kwa macho ni kama konda anayegombea shilingi mia huku amerudisha chenji ya elfu kumi kwa mtu aliyetoa elfu tano.

Kwa hiyo unapolinganisha vifaa, usiulize tu kipi ni sahihi zaidi. Uliza kipi ni sahihi kwa vitu vikavu na vyenye mafuta: unga, mchele, maharage, sukari, karanga, nazi, mafuta yenyewe. Mboga za majani, bamia, nyanya chungu, hizo pima kwa upawa ukalale.

Mizani ya kidijitali

Yangu ni ile nyeupe ya plastiki yenye maandishi SF-400, ambayo ukipita Kariakoo kwenye maduka ya vyombo huikosi. Nilitoa 18,000 baada ya kuvutana kidogo. Inapima hadi kilo 10, inasoma gramu moja moja, inatumia betri mbili ndogo za kawaida, na ina kitufe cha kurudisha sifuri. Kitufe hicho ndicho unachokilipia. Unaweka bakuli, unabonyeza, inasoma 0, unaweka mchele, unabonyeza tena, unaweka njegere. Bakuli moja, vipimo vitatu, hakuna cha kutoa wala kujumlisha.

Kuna ujanja mmoja ulionifanya niipende. Weka chupa ya mafuta juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha chukua chupa umimine kikaangoni kama ulivyozoea. Ukiirudisha chupa, mizani itakuandikia namba yenye alama ya kutoa mbele, tuseme -27. Umetumia gramu 27, kalori 243. Hujachafua kijiko wala kikombe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuwa nakaanga vitunguu vya mchuzi wa watu wanne, na namba ilikuwa -94. Kalori 846 kabla nyanya haijaingia. Na mimi ndiye niliyekuwa nasema nyumbani kwetu hatupendi mafuta.

Njia hiyo inafaa pia kwa siagi ya karanga, asali na maziwa ya unga, vitu vinavyong'ang'ania kijiko.

Kasoro nazo inazo. Ukimwaga kitu kidogo kidogo sana, chembe kwa chembe, mizani za bei nafuu huwa hazishtuki. Huendelea kuonyesha sifuri kana kwamba hakuna kilichoongezeka. Dawa yake ni kunyanyua chombo na kukirudisha. Hujizima yenyewe baada ya dakika chache, na kama ulikuwa katikati ya hesabu umepotea. Sufuria la moto usiliweke juu yake moja kwa moja: tanguliza kibao cha kukatia, rudisha sifuri, ndipo uweke sufuria. Na ukiishi karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, chungulia betri mara kwa mara, kwa sababu hewa ya chumvi huotesha kutu kwenye vile vyuma vya betri upesi kuliko huku kwetu.

Chumvi kwa mizani hii usihangaike nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, na kifaa kinachosoma gramu moja moja hakiwezi kukugawia vizuri kitu kidogo hivyo. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ndicho hicho kikomo, tena cha siku nzima, na humo imo iliyofichwa kwenye mkate na kachori.

Zipo pia mizani zinazounganishwa na simu ambazo hukuonyesha kalori zenyewe. Niliazima moja kwa wiki mbili. Ilijua brokoli. Kisamvu haikukijua. Niliirudisha.

Mizani ya springi

Hii ni ile yenye uso kama wa saa na sahani juu. Haitaki betri, watu wa umri wa mama wanaielewa bila kufundishwa, na ukidondosha haifi mara moja. Lakini mistari yake mingi imeachana gramu 20 au zaidi, na ukiisoma ukiwa umesimama unapata namba tofauti na ukiinama. Kwa kugawa nyama kilo moja au kupima mchele wa familia inatosha kabisa. Kwa mafuta haifai: gramu 20 ni kalori 180 zinazopotea kati ya mstari na mstari. Springi nayo huchoka ikibebeshwa mizigo, kwa hiyo usiifanye rafu ya kuwekea vyombo kama nilivyoikuta ya shangazi.

Mizani za biashara, za buchani na sokoni, hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Ya nyumbani kwako haikaguliwi na mtu. Mkaguzi ni wewe.

Vikombe na vijiko

Waswahili tumepima kwa ujazo tangu zamani. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na hata leo sokoni Buguruni nyanya zinauzwa kwa sado na dagaa kwa kopo. Tumezoea kujaza chombo, na kujaza kwenyewe kuna adabu yake: kipimo cha mfuto, kilichosawazishwa juu, ni roho mbaya, kipimo cha kilima ni ukarimu. Muuzaji asiyeongeza kidogo juu harudiwi tena.

Ndiyo maana ujazo unadanganya jikoni kwa anayehesabu. Nilichota unga wa sembe kwa kikombe kilekile mara mbili. Mara ya kwanza niliumimina taratibu na kusawazisha kwa kisu: gramu 134. Mara ya pili nilichota moja kwa moja kwenye ndoo nikashindilia kidogo: gramu 171. Tofauti ni kalori zaidi ya 130, kwa kikombe kimoja, na macho yaliona vikombe viwili vinavyofanana. Mchele unasamehe kidogo kwa sababu punje hazishindiliki, na vimiminika havina ugomvi kabisa. Maji, maziwa, tui la pakiti: kikombe chenye mistari kinatosha.

Kijiko ndicho kinachostahili kuzungumzwa zaidi, kwa sababu ya chai. Baba alikuwa akijibu kwa uaminifu kila akiulizwa: vijiko viwili, chai mara tatu kwa siku. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina sukari gramu 4. Cha baba, chenye kilima, kilikuwa na gramu 8. Vijiko viwili mara tatu kwa kipimo cha kwanza ni gramu 24. Kwa kipimo cha baba ni 48. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, au 25 kwa kiwango bora. Yaani kilima kile ndicho kilichomtoa baba kiwango kimoja na kumpeleka ukingoni mwa kingine, na bado hajagusa soda wala maandazi. Hatukuhitaji mizani kila siku kwa hilo. Tuliipima mara moja, tukasawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu, basi.

Mkono

Ngumi kwa ugali na wali, kiganja bila vidole kwa nyama na samaki, gumba kwa mafuta na siagi. Faida yake unaijua: unatembea nao. Pale Posta mchana, kwa mama ntilie, huwezi kutoa mizani mkobani ukaweka juu ya meza ya watu. Mkono na jicho ndio vilivyopo.

Shida yake ni ile ya baba. Mkono haupimi chakula, unapima mwenye mkono. Kwa mtu anayejilinganisha na nafsi yake hilo si tatizo kubwa, mradi ameshaupima mkono wake. Fanya hivi siku moja: songa ugali, kata bonge la ngumi yako, lipime. Chukua kipande cha nyama kinacholingana na kiganja chako, kipime. Andika. Tangu siku hiyo mkono wako una namba. Wa kwangu ni gramu 260 za ugali, na kiganja ni gramu 95 za nyama iliyoiva, bila mfupa.

Hata chakula cha nje unaweza kukisomea hivyo. Nilifungasha chipsi kavu za kibanda cha jirani nikazipima nyumbani: gramu 290. Ukikadiria kwa chini kalori 250 kwa gramu 100, hiyo ni zaidi ya 700, na hapo sijaomba ziwe zege, yaani zikaangwe na mayai. Sasa nikiziona kwenye sahani nina picha kichwani.

Simu, au daftari

Mizani inakupa gramu. Kalori na virutubishi unavitoa kwenye orodha. Programu ya MyFitnessPal ina vyakula vingi mno, lakini vingi vimeingizwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo utakuta "ugali" mara kumi na kila mmoja una namba yake. Cronometer huchagua zaidi vyanzo vyake na inaonyesha madini na vitamini kwa kina, ila ni ya kizungu zaidi. Mimi huanzia kwenye majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Shule ya Afya ya Umma ya Harvard. Humo kuna vyakula vya kwetu, vibichi na vilivyopikwa. Nimenakili vyakula kama 30 tunavyokula nyumbani kwenye daftari la kurasa 40, na siku nyingi sihitaji bando.

Popote unapotafuta, angalia kama namba ni ya kikavu au ya kilichoiva. Mchele mkavu gramu 100 una kalori kama 360. Wali mweupe, kwa sababu umeshakunywa maji, una 130. Ukipima wali gramu 250 kisha ukabonyeza "mchele", simu itakuandikia 900 badala ya 325, na utalala njaa bure. Maharage vivyo hivyo. Dagaa wakavu na dagaa wabichi ni kama vyakula viwili tofauti.

Sufuria moja, walaji sita

Maelezo mengi ya kupima chakula yanamfikiria mtu mmoja na sahani yake. Kwetu chakula kinatoka sufuria moja, siku nyingine kinaliwa sinia moja, na kupima sahani mezani hakufai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu: mchuzi ukishachanganyika hujui upawa wako umebeba mafuta kiasi gani. Ya pili ni heshima. Mtu akikupimia chakula mbele yako amekuita mlafi au amejitangaza mchoyo. Mama aliniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, hapa si magereza." Alikuwa sahihi. Mizani yangu haitoki jikoni.

Ninachofanya ni kupima kabla ya moto. Unga gramu 500 ni kalori 1,800, haijalishi nimetia maji kiasi gani. Ugali ukiiva napima sufuria zima, natoa uzito wa sufuria tupu (nimeandika uzito wa kila sufuria kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati), napata tuseme gramu 1,400. Kwa hiyo gramu 100 zina kalori 129. Bonge la baba likiwa la ngumi ya mama, gramu 240, ni kama 310. Ukisonga mgumu namba hupanda, ukisonga laini hushuka, ndiyo maana "ugali gramu 100" wa kwenye simu hauwezi kuwa wako.

Mchuzi napima vinavyobeba uzito wa kalori tu: mafuta, nyama, nazi. Kitunguu na nyanya nakadiria.

Nazi ndiyo inayonishinda. Ukikuna nazi unaweza kuipima, lakini baada ya kukamua, sehemu ya mafuta imebaki kwenye machicha, na machicha yenyewe yamelowa maji, kwa hiyo kuyapima na kutoa hakukupi jibu. Tui la kwanza zito na la pili jepesi nayo ni habari nyingine. Nikitaka namba natumia tui la pakiti lenye maelezo. Nikitaka wali wa nazi, nakuna nazi na naacha kuhesabu siku hiyo.

Samaki mwenye miiba nilijaribu: nilimpima kibua kabla, nikapima miiba baada. Nyumba nzima ilinitazama. Sirudii.

Na kuna vitu ambavyo hakuna kifaa kati ya hivi kinachoviona. Sembe na dona gramu 100 zinakaribiana kalori, lakini dona imebaki na pumba na kiini chake, kwa hiyo ina nyuzinyuzi na madini zaidi. Mizani itasoma 100 kwa zote mbili. Matembele yaliyochemshwa na maji yake kumwagwa yamepoteza sehemu ya vitamini zake, na mizani haitasema.

Kwa hiyo ununue kipi

Ukiwa na kisukari, au unapunguza mwili kwa hesabu, na wewe ndiye unayepika, nunua ya kidijitali. Bei yake ni ndogo kuliko kuku mmoja na nusu wa kienyeji. Anayetumia insulini aende na namba zake kwa daktari kabla ya kubadili kiasi cha wanga. Namba za jikoni si dozi.

Kama hupiki wewe, dada wa kazi ndiye anayepika au unakula nje siku tano, mizani itajaa vumbi. Pima mkono wako mara moja kwa mizani ya kuazima, nunua seti ya vijiko vya kupimia, na ongea na anayepika kuhusu mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Hilo moja tu linaelezeka bila mizani.

Familia yenye watoto wanaokua na hakuna mgonjwa: ya springi inatosha, ya kupimia unga na nyama visiharibu bajeti. Watoto msiwapimie. Na mtu ambaye aliwahi kujinyima chakula hadi akaugua, asikae na mizani jikoni. Kwake kifaa bora ni mkono, na siku nyingine hata mkono asiuhesabu.

Ukienda kununua, ingia na chupa mbili za maji za nusu lita ambazo hazijafunguliwa. Moja isome kidogo juu ya 500, kwa sababu ya plastiki. Zote mbili zisome mara mbili ya hapo. Sogeza chupa pembeni mwa sahani ya mizani uone kama namba inahama. Ikihama gramu tano au kumi, mwambie muuzaji akupe nyingine. Akikataa kukufungulia boksi, duka la pili liko hatua tatu mbele.